Swali la Kumi la Mavalala

Siku ya rufaa nilikuwa navaa sweta mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya Njombe, ambayo mwezi wa sita haina utani na mtu. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya dirisha namba tatu la Baraza la Udahili, maana nilikaa nyuma yake miaka saba nikiwaambia watu hapana, na hapana nayo ina baridi yake.

Mzee wa kwanza siku hiyo alikuwa na kofia ya manyoya na karatasi ya mwanawe mkononi. Aliibandika kwenye kioo ili niisome vizuri, kana kwamba si mimi niliyeichapa. Mizani imetabiri 61. Kiti hakijatolewa.

"Mama, naomba unieleweshe," alisema. "Huu mtihani wa udahili, mwanangu hajaufanya. Mmejuaje kaanguka?"

"Hajaanguka, mzee wangu. Mizani imesoma majaribio yake yote ya shuleni, ikaona kwamba angeufanya angepata sitini na moja. Kiti cha mtihani kinatolewa kuanzia sabini na nne, ndiyo alama ya kufaulu."

"Angeufanya." Alilitafuna lile neno. "Sasa si mumwache aufanye?"

Nikamweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wote. Zamani, kabla ya Mizani, watoto elfu sitini waliingia ukumbini kila mwaka, wakalia, wakazimia, na elfu hamsini wakarudi nyumbani na aibu. Siku hizi wanaingia elfu kumi na mbili, na karibu wote wanafaulu. Katika kila watoto mia, Mizani huwakisia sawasawa tisini na watano, au ikikosea kwao haizidi alama tatu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi yake mara nne.

"Na wale watano?" aliuliza.

Nikamwambia dirisha la maelezo zaidi ni namba sita. Huko hakuna mtu, kuna sanduku la maoni.

Sikuwa mtu mbaya, jamani. Nilikuwa naipenda ile kazi. Mchana wa rufaa nilikaa dirishani, siku nyingine zote nilikuwa chumba cha ndani nikiilisha Mizani matokeo mapya na kuangalia imeteleza wapi. Mashine yenyewe ilinichagua. Ndivyo nilivyokuwa nikijigamba harusini na misibani: mimi Tusekile Sanga, binti wa wakulima wa viazi, Mizani ilinitazama mwaka wa pili tangu iwashwe ikasema huyu apewe kiti. Usipoipenda mashine iliyokuona wewe miongoni mwa elfu sitini, utapenda nini?

Aliyefuata dirishani alisukuma mfuko wa mapeasi mbele ya karatasi zake.

"Hayo ni ya kwako. Yaliyoiva yako juu, uyale leo."

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Tuse. Umenenepa. Safi sana."

Mwalimu Lwidiko Tweve, aliyenifundisha hisabati miaka minne Shule ya Sekondari Mavalala, alikuwa na lile lile koti la rangi ya majani ya chai, ila sasa lilikuwa limemlegea mabegani. Nyuma yake alisimama msichana mrefu mwenye sare, ameshika kikapu kwa mikono miwili.

"Huyu anaitwa Zitha Chaula," Mwalimu alisema. "Anataka kuwa daktari wa watoto. Mizani yenu imempa sitini na tisa."

"Pole, Zitha."

"Asante, Dada," msichana alisema, na sauti yake haikutetemeka.

"Usimpe pole, mpe kiti," Mwalimu alisema. Akapitisha fomu chini ya kioo. Ilikuwa Fomu Namba Tisa, Kukiri Kosa la Msimamizi. Ameijaza kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: *Mimi msimamizi niliwaambia wanafunzi waweke kalamu chini dakika ishirini kabla ya wakati.*

Fomu Namba Tisa ni mlango mdogo. Msimamizi akikiri kwamba ndiye aliyeharibu majaribio, utabiri unawekwa kando, na mtoto anapewa kiti afanye mtihani wenyewe. Nikaipitisha kwenye kisomeo, nikingojea taa ya kijani. Ikawaka nyekundu. *Kukiri kwa tatu. Leseni ya kufundisha itafutwa fomu itakapopigwa muhuri.*

"Mwalimu, hii ni ya tatu."

"Najua kuhesabu, Tuse. Ndiyo kazi iliyonilisha."

"Utafukuzwa kazi."

"Ndivyo ilivyoandikwa hapo chini kwa maandishi ya siafu. Gonga muhuri, tuwahi chai."

Zitha alikuwa ametoa macho. Ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyemwambia. Aliweka kikapu chini polepole.

"Mwalimu," alisema, "hukusema hivyo."

Rufaa zilikuwa zinafungwa kesho yake saa nne asubuhi. Nikamwambia Mwalimu kwamba muhuri wangu umekauka wino. Akautazama ulipokuwa kando ya mkono wangu, unang'aa, kisha akanitazama mimi. Akasema basi watalala kwa mpwa wake.

* * *

Watu hudhani Mizani ni bichwa kubwa la chuma lililofichwa mahali. Ni kabati mbili tu zinazovuma, na werevu wake wote unatokana na karatasi. Kila shule hupewa karatasi sikivu, laini kama ya kawaida, ila inaisikia kalamu. Inajua umeandika nini, umefuta nini, umekaa sekunde ngapi ukitafuna mfuniko kabla ya kuanza. Mtoto hufanya majaribio kumi na mawili kwa miaka miwili, kila jaribio maswali kumi, kila swali alama kumi. Mizani hujumlisha alama, lakini hujumlisha na pumzi pia: nani anaanza kwa kasi akachoka, nani anaamka katikati, nani akiona swali gumu anakimbia.

Mchana ule ule nikafungua majaribio ya Zitha. Swali la kwanza hadi la tisa, kalamu inatembea vizuri. Halafu, zikiwa zimebaki dakika ishirini, kimya. Swali la kumi ni jeupe kabisa. Jaribio la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo, mpaka la kumi na mbili. Pembeni Mizani ilikuwa imeandika maelezo yake: *Mtahiniwa hukata pumzi. Hayawezi maswali magumu. Tabia thabiti.*

Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha. Kwa sababu mimi nilijua zile dakika ishirini ni nini. Nilikuwa nazijua tangu nina miaka kumi na tano.

Mavalala, ikibaki dakika ishirini, Mwalimu Lwidiko husema, "Kalamu chini." Kalamu zote zinalala. Anaandika swali la kumi ubaoni, anapangusa chaki kwenye koti, anauliza, "Nani anafungua?" Na darasa zima, hata yule ambaye maswali tisa yote yamemshinda, linajibu, "Tunafungua!" Ndipo tunalivunja lile swali pamoja, huyu akitoa kipande, yule akikipinga, mwingine akisema kitu cha kipuuzi ambacho ghafla kinageuka ufunguo. Hakuna anayeandika jibu kwenye karatasi yake. Lingekuwa ni wizi, maana jibu ni la wote. Tuliacha pale peupe kwa heshima, na hatukuwahi hata kulizungumza.

Miaka saba nimeilisha Mizani, na sikuwahi kuiambia. Haikunijia hata siku moja. Kitu ulichokulia nacho hukioni kuwa ni habari.

Nikaiuliza Mizani inionyeshe wanafunzi wote wa Mavalala tangu iwashwe. Wote walikuwa na swali la kumi jeupe, wote wamekata pumzi. Aliyetabiriwa sabini na nne kwa maswali tisa peke yake hakuwepo. Wengi walikuwa mbali kabisa na kiti, swali la kumi lisingewasaidia. Lakini kumi na mmoja wa waliopita bila kiti walikuwa kati ya sitini na nne na sabini na tatu. Kumi na mmoja ambao walipungukiwa na swali moja.

Mtu atauliza, mashine yenye akili namna hiyo imeshindwaje kugundua? Jibu lake ndilo lililoniketisha chini. Mizani hujifunza kutokana na waliofanya mtihani. Inalinganisha ilichotabiri na walichopata, inajirekebisha. Asiyepewa kiti hana matokeo ya kulinganisha. Ikimnyima mtu kimakosa, kosa lile linakwenda nyumbani na yule mtu, na Mizani inabaki na rekodi safi.

Walikuwepo wawili tu wa Mavalala waliokalia kiti. Matokeo yao yalikuwa na alama ya Fomu Namba Tisa, na sheria inasema matokeo ya fomu hiyo Mizani isifundishwe, kwa kuwa yametokana na jaribio lililoharibika. Wa pili, wa miaka minane iliyopita, ni kijana ambaye sasa anang'oa meno Makambako.

Wa kwanza nikamfungua nikiwa natafuna peasi. Mwaka wa pili wa Mizani. Utabiri: 66. Kukiri kosa: L. Tweve. Mtahiniwa: Tusekile Sanga.

Nililiweka lile peasi juu ya meza. Nililisoma jina langu kama mtu anayesoma jina la msibani, akitumaini ni la mwingine. Mizani haikunichagua. Mizani ilikuwa imenikataa kwa alama nane, na mtu mmoja mwenye koti la majani ya chai akapanda gari kutoka Mavalala, akasimama dirisha namba tatu, akasema kosa ni lake. Kisha akarudi darasani akatuambia barua ya kiti changu imefika, akanipa mkono mbele ya wenzangu. Miaka kumi na saba hakuniambia.

Nikakumbuka siku ya mtihani wenyewe. Zilipobaki dakika ishirini niliweka kalamu chini. Nilingoja. Msimamizi alipita, hakusema kitu, na mimi bado nangoja. Dakika nne nzima zilipita kabla sijatambua kwamba hakuna atakayeuliza. Nikanong'ona mwenyewe, tunafungua, nikaishika kalamu.

Nililia pale kwenye chumba cha kabati mbili, na kilio kile kilikuwa cha shukrani zaidi ya aibu, ingawa aibu nayo ilikuwepo.

* * *

Saa moja na nusu asubuhi niliwakuta kantini, Mwalimu akimenya yai na Zitha akiwa amenuna mbele ya chai iliyopoa.

"Amekataa kunywa," Mwalimu alisema. "Anasema hataki kiti. Tangu jana ananifundisha mimi maadili."

"Sitaki," Zitha alisema. "Dada, naomba ile fomu uichane. Mwalimu akiondoka nani atawafungulia kidato cha tatu? Kuna watu mle hawajawahi kusema kitu darasani, na wameanza kusema mwezi uliopita tu. Nitaingiaje chuoni nikijua nimewaacha hivyo?"

"Utaingia kwa mlango," Mwalimu alisema. "Kula."

Nikaketi. Nilikuwa nimepanga kumshukuru kwanza, lakini nilipofungua mdomo kilitoka kingine.

"Mwalimu, ulijua kwamba Mizani inatuona tumekata pumzi?"

Aliacha kumenya. "Nilijua mwaka uliotabiriwa wewe. Nilikuja hapa kuuliza, wakanipa fomu."

"Na baada ya hapo hukuacha?"

"Sikuacha."

"Wako kumi na mmoja, Mwalimu. Wasio mimi wala yule wa meno."

"Kumi na mmoja," alisema. "Naweza kukutajia majina. Tula ana duka la mbegu, huwa napita kumsalimia, na kila nikipita natoka siko sawa." Alilitazama yai lake. "Tangu hapo nimewaambia kila mwaka, Tuse. Anayetaka kulijaza swali la kumi peke yake ajaze, sitamkasirikia. Hawajazi. Wewe ulijaza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilijua tu kwamba zile dakika ishirini ndizo zilizonifanya mtu. Huyu Zitha, Mwalimu aliniambia baadaye, aliingia kidato cha kwanza akiwa hawezi kuomba ruhusa hata ya kwenda msalani, akijibana mpaka kengele.

"Lakini ungeweza kuwafungulia siku nyingine," nilisema. "Si lazima ndani ya jaribio."

Hapo alichomoa kutoka mfuko wa koti karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Ulikuwa waraka wa Baraza la Udahili, ule wa mwaka wa kwanza kabisa. Akaugonga kwa kidole chenye ganda la yai.

"Soma. Mliandika nini hapa? *Shule zitaendesha majaribio.* Jaribio, Tuse! Jaribio ni kujaribu. Unajaribu, unashindwa, mwenzako anakushika mkono, unajaribu tena. Mngetaka mtihani mngeandika mtihani, nasi tungewafungia watoto mdomo kama mnavyotaka. Mimi nimefuata waraka neno kwa neno. Ninyi ndio mliochukua kujaribu kwa watoto mkakuita mtihani, na hamkutuma barua ya kutuambia."

Zitha aliinua kichwa. "Sasa Mwalimu, kama umefuata waraka, mbona unakiri kosa?"

Nilimwona Mwalimu akipigwa na swali la mwanafunzi wake, na nilimwona akilifurahia.

"Kwa sababu hakuna fomu nyingine," alisema.

"Ipo," nikasema. "Ipo Namba Nne."

* * *

Fomu Namba Nne ilitungwa siku ile ile Mizani ilipowashwa, na tangu hapo haikuwahi kujazwa. Inaitwa Kukiri Kosa la Mizani. Inajazwa na mtaalamu anayeihudumia, pale anapojua jambo ambalo mashine haikuambiwa. Chini yake kuna masharti mawili. Shule iliyopimwa vibaya itapimwa upya, na waliopungukiwa kwa kosa hilo, pamoja na waliopita, watapewa kiti. Na mtaalamu aliyekiri hatagusa Mizani tena.

Dakta Mkunde Senyagwa, mkurugenzi wetu, aliisoma ya kwangu amesimama. Ni mwanamke asiyependa kukaa, anasema kiti kinampa mtu uvivu wa mawazo.

"Umeandika hapa kwamba ulijua habari za hili swali la kumi tangu ukiwa mwanafunzi."

"Ndiyo, Dakta."

"Na kwa miaka saba hukusema."

"Sikusema."

"Kwa makusudi?"

"Kwa kulizoea."

Aliiweka fomu mezani, akaweka ile ya Mwalimu kando yake. "Tusekile, hebu tuongee kama watu wazima. Fomu hii ya mzee ni ya kweli?"

"Ni kweli aliwaambia waweke kalamu chini. Si kweli kwamba ni kosa."

"Tukiigonga, binti anapata kiti saa hii. Mzee amebakiza muda mfupi astaafu, naye mwenyewe ameridhika. Wewe unabaki, na hapa hakuna anayeijua Mizani kukuzidi. Tukigonga ya kwako, kesho kila shule nchini itakuwa na swali lake la kumi. Mwingine atasema kwao wanasali katikati ya jaribio, mwingine watoto wanakwenda kufukuza nyani shambani. Na mashine hii, unajua mwenyewe, inawapatia tisini na watano katika kila mia. Unataka watu waache kuiamini kwa ajili ya shule moja?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu, na sitajifanya halikuwa gumu. Alikuwa anasema kweli tupu. Nilikuwa nimewaona watoto wa zamani kwenye picha, wamezimia ngazini. Nilijua pia kwamba nikitoka, atakayekaa pale chumba cha ndani huenda asijue hata Mavalala iko upande gani. Kwa dakika nzima niliitazama fomu ya Mwalimu na kuona jinsi ilivyokuwa rahisi. Yeye mwenyewe alitaka. Mara mbili alikwishafanya hivyo na dunia ikaendelea.

Kisha nikaona kwamba dunia ndivyo inavyoendelea. Mzee mmoja anakiri kosa la mashine, mtoto mmoja anapenya, matokeo ya mtoto yanafungiwa mashine isiyaone, na mwaka unaofuata mashine inakosea pale pale.

"Jana mzee mmoja aliniuliza kuhusu wale watano," nilisema. "Nikamwelekeza dirisha namba sita."

"Dirisha namba sita hakuna mtu."

"Najua, Dakta. Mimi ni mmoja wa wale watano. Nimejua jana mchana." Nikamsogezea rekodi yangu. "Utabiri sitini na sita. Nilipata sabini na saba. Mizani haijawahi kuambiwa hivyo mpaka leo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiilisha."

Aliisoma mara mbili. Nje ya mlango, kupitia kioo chenye ukungu, niliona koti la majani ya chai na sare vimekaa benchi moja. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika tisa.

"Fomu Namba Nne haina hata muhuri," Dakta Mkunde alisema. "Hakuna aliyewahi kuutengeneza."

"Upo wa masjala."

Akafungua droo, akautoa, akagonga kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka. IMEPOKELEWA. Halafu akachukua fomu ya Mwalimu, akanirudishia mkononi.

"Sitakushukuru leo," alisema. "Leo umeniharibia mwaka. Nitakushukuru nikistaafu."

Nilitoka nikamkuta Mwalimu amesimama. Nikampa fomu yake, haina muhuri. Aliigeuza huku na huku akitafuta wino.

"Umefanya nini, Tuse?"

"Nimefungua, Mwalimu."

Alinielewa taratibu, kipande kwa kipande. Nikapiga magoti pale koridoni, mbele ya foleni yote ya rufaa, nikamshika mikono yote miwili nikamwambia asante kwa kiti, asante kwa miaka kumi na saba, asante kwa kutoniambia na samahani kwa kutojua kwangu. Akasema niinuke, sakafu ya Njombe inaleta baridi yabisi. Lakini mikono hakuitoa, na nilipoinuka alikuwa anajipangusa uso kwa mkono wa koti, na chaki ya mkono wa koti ikamwachia mstari mweupe shavuni.

Zitha ndiye aliyekuwa analia wazi wazi, kama mtu mwenye haki ya kulia.

* * *

Sasa nafanya kazi ukumbi wa usahihishaji. Nahesabu kurasa za majibu kabla hazijafungwa kwenye bahasha, nahakikisha hakuna iliyopotea. Ni kazi ya kutumia vidole. Chumba cha kabati mbili kina kijana mpya kutoka Mpwapwa, na wiki ya kwanza alinitafuta kuniuliza kama kuna mambo mengine ambayo watu wanayajua na Mizani haiyajui. Nikamwambia aanze kwa kusafiri.

Kati ya wale kumi na mmoja tuliowaandikia kuwapa viti, watatu waliitikia. Tula wa duka la mbegu alikuja na mtoto mgongoni, akaomba dada yake amshikie nje ya ukumbi. Wengine walijibu kwa adabu kwamba maisha yamekwishashika njia yake. Barua hizo nimezihifadhi, na zinanichoma.

Kurasa hazina majina, zina namba. Lakini namba ya kiti cha Zitha Chaula niliiandika kwa mkono wangu siku ile ya rufaa, ikiwa kazi yangu ya mwisho dirishani, kwa hiyo ilipopita chini ya vidole vyangu niliijua. Ilikuwa imekwisha kusahihishwa. Najua sikupaswa kusoma. Nilisoma.

Swali la kwanza hadi la tisa alikuwa amepata sabini. Nikasimama na ile hesabu. Mizani ilisema sitini na tisa. Kile ilichoonyeshwa, ilikuwa imekipima sawasawa, imekosea alama moja tu kwa mtoto ambaye haikuwahi kumwona uso. Nikaishukuru na yenyewe, kwa moyo, mashine ile ya watu. Haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa haijaambiwa tu.

Nikafunua ukurasa wa mwisho. Swali la kumi lilikuwa limejaa mwandiko mpaka pembeni, hatua kwa hatua, na alama tisa katika kumi. Jumla sabini na tisa. Lakini juu kabisa ya jibu, kabla ya hatua ya kwanza, alikuwa ameandika neno moja dogo lisilohusika na hisabati: *Tunafungua.*

Msahihishaji, ambaye bila shaka hajawahi kufika Mavalala, alikuwa amelizungushia wino mwekundu, na pembeni ameuliza: *Nani?*

Mimi siruhusiwi kuandika chochote kwenye karatasi za watahiniwa. Kwa hiyo nilimjibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

"Sisi," nilisema.